Udongo wa Kichuguu na Miguu ya Nafula

Nyinyi vijana mnaocheza tenisi Kitale na Bungoma, nimewasikia. Kila mwaka sisi wastaafu tukikutana kucheza mechi yetu, mnajipanga kwenye benchi na soda zenu, na hakosi mmoja wa kuuliza, "Mzee, kwani unakimbilia wapi?" Ati kwa sababu nimesevu nikapanda wavuni. Mnacheka mpaka soda inawatoka puani. Basi leo mtanisikiliza, maana nimechoka kuchekwa na watu wanaocheza tenisi kama wanapalilia mahindi.

Mchezo wetu tuliuita kusevu na kupanda. Unapiga mpira wa kuanzisha, na kabla mwenzako hajaurudisha wewe uko mbioni kuelekea wavuni. Ukifika, unaupiga voli, yaani unaupata hewani kabla haujadunda, na neno limekwisha. Pointi ilichukua muda wa kupiga chafya. Nyinyi mnasimama nyuma ya mstari wa nyuma, huyu huku na yule kule, mnarushiana mpira mara ishirini mkingoja mmoja achoke. Watu wa kucheza hivyo tuliwaita majembe, na halikuwa jina la sifa.

Lakini msidhani hasira yangu yote ni yenu. Kuna msichana anaitwa Nafula. Nilimharibia jina mbele ya watu, na sijawahi kumkasirikia binadamu yeyote kama ninavyojikasirikia mimi kwa ajili yake. Nitamfikia. Ila hamtaelewa nilichomfanyia kama hamjui udongo, na nyinyi wa siku hizi udongo hamuujui kabisa, mnafikiri uwanja huota wenyewe.

Nilitoka kwetu Kabuchai kabla sijaota ndevu, nikaingia klabu moja ya Kitale kuokota mipira, nikapanda cheo nikawa marka. Marka ni mchezaji aliyeajiriwa na klabu acheze na wanachama wasio na mwenzao. Mimi na Kamau wa Saboti tuliajiriwa mwezi mmoja. Wazazi wa Kamau walikuja kutoka upande wa Kati wakanunua shamba Saboti, na yeye alikuwa akivuna vitunguu asubuhi na kucheza tenisi jioni, mikono ikinuka vitunguu mpaka wanachama wakalalamika. Mikono hiyo ilijua kupiga voli, lakini.

Aliyetufundisha kazi ni mzee Barasa, mtunza uwanja, ambaye mwenyewe sikumwona akishika raketi hata siku moja. Wiki yangu ya kwanza nilimchapa meneja mmoja wa benki sita kwa bure, sita kwa bure, nikatoka uwanjani kifua mbele. Barasa aliniita nyuma ya stoo akaniuliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo. Akaniambia nimeshinda mechi na kupoteza mtu, kwa sababu kesho yule bwana atakwenda kucheza gofu. Na kweli alikwenda. Tangu siku hiyo nilijifunza kumshinda mwanachama sita kwa nne, ajione alikuwa karibu, arudi Jumatano.

Huyo Barasa alitufundisha pia kupima wavu bila futi. Unasimamisha raketi ya mbao wima katikati ya uwanja, juu yake unalaza kichwa cha raketi nyingine kwa upana, na hapo ndipo wavu unapaswa kufika. Juzi nimekuta kijana mmoja mwenye cheti cha ukocha akipima hivyo kwa raketi za kisasa zenye vichwa vipana kama sufuria. Wavu umepanda juu, halafu anashangaa kwa nini watoto wanaugonga. Nilimwonyesha raketi yangu ya mbao, ile ninayoitunza kwa kazi hiyo tu. Akaniambia, "Mzee, hiyo peleka museum." Niliushusha wavu nikaenda zangu.

Sasa udongo. Uwanja wetu haukuwa wa saruji wala wa nyasi. Ulikuwa wa udongo wa kichuguu, kichuguu kilichokufa, ambacho mchwa wamekihama. Unachimba, unaponda, unachekecha kwa wavu wa waya, unamwaga, unanyunyiza maji jioni, na asubuhi unapitisha rola. Ukiwahi kupitisha rola, udongo unanata kwenye chuma. Ukichelewa, unapasuka. Barasa alipima kwa kisigino. Alivua kiatu akakanyaga, na kama alama ilikuwa nyembamba kama ukucha basi saa ya rola imefika. Uwanja wa namna hiyo ukikauka unakuwa mgumu, na uso wake laini. Sevu ikitua inateleza, haidundi juu, na anayeipokea anainama kuitafuta magotini. Wakati anainama, wewe uko wavuni unamsubiri.

Na kuujua udongo wenyewe ni kwa ulimi. Wanawake wajawazito wanalijua hili kuliko kocha yeyote. Kichuguu safi kinayeyuka mdomoni bila kukwaruza meno. Barasa hakukubali hata ndoo moja kabla hajairamba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nikizunguka uwanja na ndoo nikiziba mashimo, na mashimo yalinisimulia mechi zote za Jumapili. Zamani yalikuwa mbele, karibu na wavu, mahali mtu anapokanyaga breki ili apige voli. Kwa hiyo miaka ya elfu mbili ilipoanza na mimi nimeachishwa umarka kwa sababu ya umri, nimebaki mtunza uwanja na mwalimu wa watoto wa Jumamosi, niliona jambo likanichemsha damu. Mashimo yalihamia nyuma. Mbele kulikuwa safi kama sebule ya wageni, na nyuma ya mstari kumechimbika mtaro. Nililaumu televisheni, maana huko wote sasa walikuwa wanasimama nyuma. Nililaumu raketi nyepesi. Niliwalaumu wazazi wenu kwa kuwalea kwa woga. Kila Jumatatu nilizungumza peke yangu na ndoo, na askari wa geti akawa ananisalimia kwa mbali.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na wala sitajificha nyuma ya uzee.

Udongo wetu ulitoka kwenye shamba kubwa jirani na klabu. Miaka hiyo lile shamba likagawanywa, watu wakapewa ekari tatu tatu, na kichuguu nilichozoea kikaangukia kwa mama mmoja mjane, Mbukusu mwenzangu. Nilifika na toroli langu kama kawaida. Akatoka nyumbani akijifuta mikono, akanisalimia vizuri, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kabuchai.

"Papa," akaniambia, yaani baba kwa lugha yetu, "huko kwenu Kabuchai unaweza chimba kichuguu ya mtu?"

Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mvua ikinyesha kumbikumbi wakitoka, ni watoto wa boma hilo wanaowala, na jirani anayetega bila ruhusa anaweza kupelekwa kwa wazee. Nilimwambia hiki kimekufa. Akasema hakijafa, kimelala, na watoto wake wanakingoja. Nikageuza toroli. Ningekuwa Mzungu labda ningebishana, lakini mimi nilikuwa namwelewa mno.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa kamati ya klabu akasema udongo umekwisha, nipeni lori nikalete kutoka Kabuchai. Mimi sikwenda. Walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mzee amechoka, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo watasema basi tuweke saruji, na uwanja wa saruji hauhitaji mtu wa ndoo. Kando ya barabara kulikuwa na lundo la murram, ule udongo mwekundu wa kokoto, lililoachwa na watu wa barabara. Nilibeba murram. Niliichekecha, nikaimwaga, na juu nikapaka kichuguu kidogo kilichobaki stooni, kama mtu anayepaka blubendi juu ya mkate mkavu. Rangi ilikuwa moja. Hakuna aliyejua. Niliirudia kila msimu wa ukame, na baada ya miaka miwili nilikuwa nimesahau kwamba nadanganya.

Ndipo akaja Nafula. Alikuwa kidato cha pili, mtoto wa watu wa kawaida, na hakuhitaji kuambiwa apande. Alisevu akapanda. Sijapata mwanafunzi kama yule. Nilimpa kila kitu tulichopewa sisi, pamoja na kelele, na alizipokea zote bila kununa. Siku ya kuchagua timu ya mkoa ya kwenda Nairobi ikafika, mechi zikafanyiwa kwetu, na mji ulikuja kutazama. Nafula alipangwa na msichana wa kutoka Eldoret, jembe kamili, hakusogea mbele hata mara moja.

Nafula alipanda, na mpira ukampita. Akapanda tena, ukampita kushoto. Sevu yake ilitua ikaruka mpaka kiunoni kwa yule wa Eldoret, akawa na muda wa kuchagua pa kuipeleka, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nimejaa hasira, maana niliona mchezo wetu unazikwa mbele ya macho yangu. Kwa seti ya pili nilisimama, nikapaza sauti uwanja mzima ukasikia.

"Nafula, hiyo ni miguu ama ni trekta?"

Watu walicheka. Hapo Kitale kila mtu anaijua trekta. Alipokwenda kuokota mpira kuna wengine waliunguruma kama injini. Alimaliza mechi, akashindwa, akamsalimia mwenzake, akavua viatu. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala nyingine. Nilisikia shuleni wanamwita Trekta, na sokoni pia, na mimi nikasema asiyeweza kutaniwa hawezi tenisi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Miaka ikapita. Kamau alikuwa amehamia Bungoma kutunza uwanja wa klabu ya huko, na sisi wastaafu tukaanza mechi yetu, mwaka mmoja kwao, mwaka mwingine kwetu. Mwaka huo tulianza Bungoma. Kamau na magoti yake mabovu alisevu akapanda mchana kutwa, akanifunga vizuri, nikamkumbatia wavuni kwa furaha. Nikasema angalau amebaki mwanamume mmoja. Mwaka uliofuata akaja Kitale, na nisilolitegemea likatokea. Alisimama nyuma. Alirudisha, akarudisha, akangoja, mimi nikawa napanda na kupitwa, na vijana kwenye benchi wanapiga makofi. Akanifunga tena.

Nilimfuata kwenye bomba la maji nikamwambia maneno mengi. Nilimwita kinyonga. Nilimwambia Bungoma anacheza kama mtu na Kitale anacheza kama jembe, na kwamba amejipendekeza kwa watoto ili apigiwe makofi. Kamau si mtu wa kelele. Alinywa maji, akanishika mkono, akanirudisha uwanjani mpaka mahali sevu zangu zilipotua. Akaniuliza naona nini. Niliona alama za mpira, miviringo midogo kama sarafu. Akaniuliza, alama za Bungoma zilikuwaje? Nikakumbuka. Zilikuwa ndefu, kama mbegu za boga, kwa sababu mpira ulikuwa unateleza. Hapa mpira ulikuwa unang'ata chini na kuruka juu.

Akachota udongo kwa vidole, akaupuliza ule wa juu, akatia wa chini mdomoni. Nilisikia ukikwaruza meno yake.

"Hii si kichuguu, bana," akasema. "Hii ni barabara. Hapa hata Barasa angefufuka, angecheza nyuma."

Nilikaa chini palepale. Mimi niliyesoma mashimo ya kila mtu, miaka yote hiyo sikuusoma uwanja wangu. Niliwalaumu watoto, wazazi, televisheni na dunia nzima, na aliyewafukuza watu wavuni ni mimi na toroli langu. Nilipokuwa bado nimekaa Kamau akaongeza jambo moja tu, polepole.

"Na yule msichana hakuwa mzito."

Nilimtafuta. Nikaambiwa ni fundi wa nguo, ana kibanda karibu na Lugulu. Nilimkuta kwenye cherehani ya kukanyaga, anashona sare za shule, na kitu cha kwanza nilichoona ni miguu yake. Ilikuwa inakwenda mbio, myepesi, kisigino na vidole, kisigino na vidole, bila yeye kuitazama. Nilisimama mlangoni mpaka akaniona. Aliniita mwalimu, akanipa kiti, akaagiza chai. Adabu yake iliniumiza kuliko matusi.

Nilimweleza yote, kichuguu, mama mjane, murram na uwongo wangu. Alisikiliza huku anakata nyuzi kwa wembe. Nilipomaliza akaniuliza kama siku ile, nikimwita vile, nilijua udongo ni mbaya. Nikamwambia niliuweka mwenyewe, kwa hivyo nilijua, ila nilikuwa nimechagua kutojua. Akatikisa kichwa. Akaniambia tangu siku ile hajakimbia. Hata kwenye michezo ya kina mama kanisani wakimwita kwa mbio za magunia, yeye hushika pochi za wenzake. Mume wake anamtania kwa jina hilo, na anafikiri ni la mapenzi.

Nikamwomba msamaha. Akaweka wembe chini.

"Usiniambie mimi, mwalimu. Mimi nilikuwa hapo," akasema. "Ambia wale walicheka."

Nilirudi Kitale nimekasirika, na safari hii sikuwa na mtu wa kumbebesha lawama. Mwaka ule wa kwetu ulipofika tena, nilimtumia Nafula ujumbe kwamba mechi ni Jumapili. Kamau alikuja mapema. Benchi lilijaa nyinyi na soda zenu, kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwavuli, na wale watu wa mji waliokuja siku ile ya timu ya mkoa, wengi wao walikuwepo, wamenenepa kidogo. Nilimwona Nafula nyuma kabisa, amesimama karibu na geti na mume wake, bado ameshika mkoba kama mtu ambaye hataki kukaa.

Badala ya raketi niliingia na jembe. Mlicheka, nakumbuka. Mlifikiri mzee ameleta mzaha. Nilikwenda kwenye mstari wa kusevu, mbele ya mwenyekiti wa klabu, nikainua jembe nikalipiga chini. Mwenyekiti aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Nikapiga tena na tena mpaka ngozi ile nyembamba ya kichuguu ikapasuka na murram ikatoka, na kokoto zake, kila mtu akaona. Nikawaambia huu si udongo wa tenisi, ni wa barabara, nimeuweka mimi kwa siri kwa sababu ya kiburi, na kamati haikujua. Nikawaambia watu waliacha kupanda wavuni kwa sababu uwanja uliwakataza. Nikawaambia kuna mtoto alikosa timu kwa sababu ya uwanja huu, nikamwita jina la mashine, na nyinyi mkacheka kwa sababu nilianza mimi.

Mwenyekiti aliniomba funguo za stoo palepale. Nilimpa. Hivyo ndivyo nilivyostaafu mara ya pili, vijana, kabla mechi haijaanza, na siku hizi hapo pana saruji, mnajua wenyewe. Kama bado mnataka kunicheka nikipanda wavuni, chekeni, mimi nitapanda. Lakini mkimwona mtoto anapitwa na mpira, kabla hamjafungua mdomo, inameni mrambe udongo.

Ila siku ile, nikiwa bado nimeshika jembe, mwanamke mmoja pale kwenye viti, nafikiri hata hakukusudia ubaya, alimuuliza jirani yake kwa sauti, ni nani huyo mtoto, si ndiye yule Trekta? Watu wakageuka kuangalia geti. Nafula hakuinamisha kichwa. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja.

"Anaitwa Nafula," nikasema. "Miguu yake haikuwa na shida yoyote."

Akampa mume wake mkoba aushike.